Vumbi la Mererani, seli zinazokula na dawa ya kuzigeuza: jibu kwa binti wa mchorongaji

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 58. Alichimba tanzanaiti Mererani miaka 16, mingi akiwa mchorongaji, yaani mtoboa mwamba. Aliacha miaka saba iliyopita lakini hali inazidi kuwa mbaya: anakohoa, na anahema hata akiinama kufunga kamba za viatu. Ametibiwa kifua kikuu mara tatu, na mara mbili kati ya hizo makohozi hayakuonyesha mdudu. Sasa tumeambiwa mapafu yamefanya kovu kwa sababu ya vumbi. Kaka yangu amesoma kwamba kuna dawa zinazogeuza seli za kinga ya mwili ziache kutengeneza kovu. Ni kweli? Zinapatikana? Tunafikiria kuuza kiwanja tumpeleke India. Na huku mtaani tunauziwa dawa za kuongeza kinga, je, tumpe?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na kiwanja: msikiuze. Angalau msikiuze kwa ajili ya dawa hiyo, kwa sababu hata mkifika India na fedha mkononi hamtaikuta. Alichosoma kaka yako si uongo, utafiti upo na mimi nimeufuatilia kwa hamu miaka mingi. Ila kutoka kwa panya wa maabara hadi kifuani kwa baba yako ni mbali, na njiani zimeshabaki dawa nyingi zilizoondoka kwa vigelegele.

Umeuliza jambo moja bila kujua kwamba umeliuliza: kwa nini mzee anazidi kuumwa wakati vumbi aliliacha miaka saba iliyopita? Jibu la hilo ndilo litakalokuonyesha dawa hizo zinalenga nini.

Njia za hewa ndani ya mapafu hugawanyika na kugawanyika tena hadi kuishia kwenye vifuko vidogo sana, mamia ya mamilioni. Ukuta wa kila kifuko ni mwembamba kiasi kwamba oksijeni inapenya moja kwa moja kuingia kwenye damu. Humo ndani wamo wafagiaji: seli kubwa za kinga ziitwazo makrofaji, jina lililotoka kwenye Kigiriki, maana yake walaji wakubwa. Aliyezipa sifa ni mtafiti Élie Metchnikoff. Mwaka 1882, akiwa Messina kule Sisilia, alichomeka mwiba kwenye mwili wa kiti cha pweza mchanga, kiumbe wa baharini mwangavu unayeweza kumwona hadi ndani. Kesho yake akakuta seli zimeuzunguka ule mwiba zikijaribu kuumeza. Mwaka huohuo, mwezi Machi, Robert Koch alikuwa ametangaza mjini Berlin kwamba amempata mdudu wa kifua kikuu. Nitamrudia huyo mdudu, maana naye anahusika na mzee.

Kazi ya makrofaji wa mapafu ni kumeza kila kisichotakiwa: vijidudu, masizi, seli zilizokufa. Wakishameza, husaga kwa vimeng'enya na mambo yakaisha. Vumbi la mwamba wenye silika, madini magumu yaliyomo kwenye mawe na mchanga, halisagiki. Unapochoronga mwamba mkavu, chembe zinazokuumiza si zile unazoziona zikielea kwenye mwanga wa tochi. Ni zile ndogo kuliko hizo, ambazo haziishii puani wala kooni, zinashuka hadi kwenye vifuko. Kitambaa usoni hazikijui. Makrofaji anaimeza ile chembe, inapasua kile kifuko cha ndani alichoihifadhia, vimeng'enya vinamwagika, na seli inapiga kengele ya hatari kabla haijafa. Mwaka 2008 makundi kadhaa ya watafiti yalionyesha jinsi kengele hiyo inavyopigwa: ni mtambo wa protini ndani ya seli uitwao NLRP3, ambao silika huuamsha. Sasa tazama kinachofuata. Seli imekufa, lakini chembe ya silika iko palepale, nzima, ngumu vilevile. Anakuja makrofaji mwingine anaimeza. Naye anapasuka. Anakuja wa tatu.

Ndiyo maana mzee aliacha machimbo lakini machimbo hayakumwacha.

Nakumbuka mara ya kwanza nilipoona maji yaliyooshwa kutoka kwenye pafu la mchimbaji, chini ya hadubini. Makrofaji wa mtu asiyevuta sigara wala kufanya kazi ya vumbi wanakuwa safi, wenye povupovu kidogo. Hawa walikuwa wamejaa punje nyeusi, na mwalimu wangu alipozungusha kioo cha kuchuja mwanga, punje nyingine zikaanza kumeta ndani ya seli kama chumvi juu ya ugali. Mgonjwa mwenyewe hakuwa ameingia shimoni kwa miaka mingi.

Kovu linatoka wapi basi? Fikiria nyumba iliyobomoka ukuta. Mafundi wanaitwa, wanaziba, wanakwenda zao. Mwilini mafundi hao ni seli ziitwazo fibroblasti, na saruji yao ni protini ya kolajeni. Makrofaji ndiye msimamizi: ndiye anayetoa amri ya kuanza kujenga, na amri yenyewe ni kemikali, maarufu kati yao ikiwa TGF-beta. Kwenye kidonda cha kawaida msimamizi huyohuyo hubadilika baada ya siku kadhaa, anaacha kuagiza saruji na anaanza kusafisha mabaki. Kwenye pafu lenye silika, uharibifu hauishi, kwa hiyo msimamizi anabaki kuagiza tu. Saruji inamwagwa juu ya saruji, hadi vifuko vya hewa vinakuwa vigumu na havitanuki.

Kuna jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo muhimu kuliko yote yaliyogunduliwa katika fani hii kwa miaka kumi iliyopita. Makrofaji wa mapafu si wa aina moja. Wapo wenyeji, walioingia kwenye mapafu tangu tukiwa watoto wachanga na wanaojizalisha wenyewe humohumo. Halafu wapo wageni, wanaozaliwa kwenye uboho wa mifupa, wanasafiri kwenye damu na kuingia mapafuni pale wenyeji wanapokufa kwa wingi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, walionyesha kwa panya kwamba wanaochochea kovu ni wageni. Walipowaondoa hao peke yao, kovu lilipungua, na wenyeji wakaendelea na ufagiaji wao kama kawaida. Baadaye uchunguzi wa seli moja moja kutoka kwenye mapafu ya wagonjwa wenyewe, si panya, ukakuta kundi la makrofaji wanaofanana na hao wageni wamejazana pale penye kovu.

Kwa hiyo swali la watafiti likabadilika. Badala ya kuuliza tuiongeze kinga au tuishushe, wakauliza: tunawezaje kuwafikia wale wageni peke yao na kuwapangia kazi nyingine?

Nadhani kaka yako alisoma habari ya kazi ya Philip Low na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, iliyochapishwa mwaka 2020, au kitu kinachofanana nayo. Walichofanya ni cha kijanja. Makrofaji waliochochewa huota juu ya ngozi yao kipokezi cha vitamini ya foliki, ileile ya vidonge vya kina mama wajawazito. Seli nyingi za kawaida hazina kipokezi hicho cha aina hiyo. Watafiti wakaifanya vitamini kuwa anwani: wakaibeba nayo dawa nyingine inayogusa kengele iitwayo TLR7, ambayo kwa kawaida hulia makrofaji anapohisi virusi vimeingia. Ukiisambaza dawa hiyo mwili mzima bila anwani, mtu anapata homa na maumivu kama ya mafua makali. Ikifungwa kwenye vitamini, inaingia zaidi kwa wale wanaotakiwa. Makrofaji akidhani kuna virusi, anaacha usimamizi wa ujenzi na kushika silaha. Amri za kumwaga kolajeni zikapungua, na kwa panya wale kolajeni yenyewe ikapungua mapafuni.

(Kabla hujaenda duka la dawa: vidonge vya foliki peke yake havifanyi lolote kati ya haya. Hiyo ni bahasha isiyo na barua.)

Sasa niseme yale ambayo habari za aina hii huwa haziyasemi. Panya hao walitiwa kovu kwa bleomisini, dawa ya saratani ambayo hapa kwetu tumeitumia sana kutibu saratani ya Kaposi na ambayo madhara yake yanayojulikana ni kuumiza mapafu. Ni njia ya haraka ya kumpa panya kovu. Tatizo ni kwamba kovu la panya huyo, akipigwa dozi moja, huwa linaanza kuyeyuka lenyewe baada ya wiki kadhaa. La baba yako haliyeyuki, na chanzo chake bado kimo ndani. Dawa iliyomsaidia panya aliyekuwa njiani kupona haijathibitisha kwamba itamsaidia mtu ambaye kila siku makrofaji wake wanameza upya mawe yaleyale.

Halafu wazo la kumgeuza makrofaji si jipya kama linavyotangazwa. Interferoni gama ni kemikali ambayo mwili wenyewe huitumia kumwamsha makrofaji apigane. Mwaka 1999 jaribio dogo la watu 18 wenye ugonjwa wa kovu la mapafu lisilojulikana chanzo lilitoa matokeo ya kushangaza, watu wakaanza kuisubiri kwa matumaini makubwa. Mwaka 2009 likatoka jaribio lenye wagonjwa 826. Haikuongeza hata kidogo uhai wa wagonjwa. Ikaja protini iitwayo pentraksini-2, inayozuia seli kutoka kwenye damu zisigeuke kuwa za kujenga kovu. Mwaka 2018, kwa wagonjwa 117, ilionyesha kupunguza kasi ya kuporomoka kwa mapafu. Jaribio kubwa la awamu ya 3 likasimamishwa kwa sababu haikuonekana dalili ya faida.

Na kuna hili ambalo lilitufundisha kwa uchungu. Kwa miaka mingi sisi madaktari tuliwapa wagonjwa wa kovu lisilojulikana chanzo mchanganyiko wa prednisoloni na azathioprini pamoja na asitilisisteini, tukiamini kwamba tukiishusha kinga yote, kovu litatulia. Nilishawahi kuiandika karatasi ya dawa hizo mwenyewe, kwa moyo mweupe. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2012 lilibidi likatishwe katikati: katika wagonjwa 77 waliopewa mchanganyiko walikufa 8, katika 78 waliopewa vidonge visivyo na dawa alikufa 1. Kuishusha kinga yote kulikuwa sawa na kuwafukuza wasimamizi na walinzi kwa pamoja.

Hapo ndipo ninapojibu swali lako la dawa za mtaani za kuongeza kinga. Usimpe. Sijui ndani ya chupa hizo mna nini, na wanaoziuza mara nyingi hawajui pia. Lakini hata zingefanya kile zinachoahidi, mzee hana upungufu wa makrofaji. Anao wengi mno, wenye bidii mno, wanaofanya kazi isiyo yao. Ukiongeza idadi yao umemwongezea wasimamizi wa saruji. Nguvu ya wazo la kaka yako iko kwenye kubadilisha kazi ya seli, na hakuna mzizi wala unga wa mlonge unaojua kuchagua seli gani ibadilishwe kazi na ipi iachwe.

Dawa zilizopo leo kwenye maduka ya dunia ni nyingine. Pirfenidoni na nintedanibu ziliidhinishwa Marekani Oktoba 2014, na zinagusa zaidi mafundi kuliko msimamizi. Nintedanibu ilijaribiwa pia kwa wagonjwa 663 wenye makovu ya vyanzo mbalimbali yanayoendelea kusambaa, matokeo yakatoka mwaka 2019: kwa mwaka mmoja hewa wanayoweza kupuliza kwa pumzi moja ilishuka kwa mililita 80.8, wakati wenzao wasiopewa dawa walishuka kwa 187.8. Zisome vizuri namba hizo. Wote walishuka. Dawa ilipunguza mwendo wa kushuka, haikumrudisha mtu alikotoka. Inaharisha, inahitaji ini kupimwa mara kwa mara, na bei yake inaweza kummaliza mtu kabla ya ugonjwa. Pirfenidoni nayo inaifanya ngozi iungue juani, jambo la kuchekesha kidogo kwa mtu anayeishi Simanjiro.

Mpya kuliko hizo ni nerandomilasti, iliyoidhinishwa Marekani Oktoba 2025. Hii ndiyo iliyo karibu zaidi na kile mnachokitafuta, kwani kimeng'enya inachokizuia, PDE4B, kimo kwa wingi ndani ya seli za kinga, na kukizuia kunapoza amri zao pamoja na kuwatuliza mafundi. Kwa wagonjwa wa kovu lisilojulikana chanzo, baada ya wiki 52 waliomeza dozi kubwa walikuwa wamepoteza mililita 114.7, wasiopewa dawa 183.5. Ni hatua, nami naihesabu kuwa hatua ya kweli. Lakini jaribio hilo halikufanywa kwa wachimbaji wenye silika, na mimi sitamwambia mtu auze kiwanja kwa mililita 69 ambazo hazijapimwa kwa ugonjwa wake.

Kuna kikwazo kingine ambacho watafiti wa Chicago na Purdue hawahitaji kukiwaza sana, lakini sisi hatuwezi kukikwepa. Mdudu wa kifua kikuu anaishi ndani ya makrofaji. Yule anayepaswa kumuua ndiye nyumba yake. Mtu asiyeugua anaweza kukaa naye maisha yote kwa sababu makrofaji na wenzao wamemzungushia ukuta. Silika inawadhoofisha hao walinzi, ndiyo maana mchimbaji mwenye mapafu ya vumbi anapata kifua kikuu mara kadhaa zaidi ya watu wengine. Sasa jiulize nini kitatokea siku tutakapomeza dawa inayowabadilisha kazi makrofaji wote wa pafu. Inaweza kuwaamsha wapigane na mdudu vizuri zaidi, au inaweza kuufungua ule ukuta. Dawa za kushusha kinga zinazotumika kwa ugonjwa wa viungo zimeshatuonyesha jinsi ukuta huo unavyofunguka. Kwa hiyo siku majaribio hayo yatakapofika kwetu, na natamani yafike, swali la kwanza la kuuliza wenye jaribio ni: wagonjwa wenye historia ya kifua kikuu mmewapima vipi?

Turudi kwa mzee. Dozi zile tatu zinanisumbua. Mara mbili makohozi hayakuonyesha mdudu, hata hivyo akapewa dozi nzima. Sishangai, maana picha ya kifua ya vumbi na ya kifua kikuu zinafanana hadi zinachanganya: madoa madogomadogo sehemu za juu za mapafu. Wanaapolo wengi, yaani wachimbaji wa Mererani, wamepita njia hiyohiyo. Lakini sasa inabidi kazi ifanyike vizuri. Mpelekeni Kibong'oto, wilayani Siha. Si mbali na kwenu, na wanawajua wachimbaji. Aombe makohozi yapimwe kwa mashine ya jeni (GeneXpert) na pia yaoteshwe maabara kuona kama mdudu anakua, kwa sababu mtu aliyetibiwa mara tatu anaweza kuwa na mdudu sugu. Kama mdudu hayupo, asipewe dozi ya nne kwa kubahatisha. Apime VVU pia, kama bado.

Apulize kipimo cha spirometri, kisha arudie baada ya miezi sita. Atembee dakika sita akiwa na kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni. Wengi wakiwa wamekaa wanasoma vizuri, wakitembea namba inaporomoka, na hapo ndipo utajua kama anahitaji oksijeni nyumbani. Kama kuna fedha ya kutumika, mtungi au mashine ya oksijeni itampa mzee zaidi ya tiketi ya ndege. Achanjwe chanjo ya mafua na ya nimonia mkizipata. Sigara, hapana. Jiko la kuni ndani ya nyumba, hapana. Na afanye mazoezi ya kutembea kila siku hata kama anahema, kwa kuanza na mita chache, kwa sababu miguu iliyolegea inaiba pumzi kuliko watu wanavyodhani. Mkiambiwa huko India kwamba watamwosha mapafu kwa maji ya chumvi, jueni kwamba kuosha kunaweza kutoa vumbi kiasi, lakini kolajeni iliyokwisha kuganda haitoki kwa maji.

Na kama una kaka au binamu ambaye bado anachoronga: maji. Mwamba uliolowa hautoi vumbi kama mkavu, na asirudi shimoni mara tu baada ya baruti, asubiri hewa isafike.

Jambo la mwisho ni dogo lakini ndilo nitakalolihitaji kuliko yote. Najua nyumbani kwenu kuna bahasha kubwa za kahawia zenye picha za eksirei za zamani, pengine juu ya kabati au chini ya godoro. Watu huzitupa zikianza kushikana. Msizitupe. Picha ya mwaka alioacha kazi ikiwekwa kando ya ya mwaka huu ndiyo itakayotuambia kovu linakwenda kwa kasi gani, na kasi hiyo ndiyo itakayoamua kama nintedanibu inafaa kuzungumzwa au la. Mwende nazo zote Kibong'oto, hata zile zilizopata ukungu pembeni.